Kioo Kimeshikwa na Nani? Kusoma Tenzi za Lamu kwa Msaada wa Makavazi

Kila tunapojadili fasihi darasani, kuna kauli moja isiyokosa kutajwa: fasihi ni kioo cha jamii. Mtu akishaitamka huona kazi imekwisha. Mimi sina ugomvi na kauli yenyewe. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoitumia, kana kwamba kioo hujishika chenyewe. Katika makala hii nadai kwamba mhakiki anayetaka kusema lolote kuhusu jamii iliyomo ndani ya utenzi hana budi kutoka nje ya utenzi huo, aende kwenye makavazi, makumbusho na magofu, kisha arudi. Mfano wangu ni Lamu, ambayo tangu 2013 ni kaunti na hapo awali ilikuwa wilaya katika Mkoa wa Pwani. Nimeichagua kwa sababu tenzi nyingi tunazosomeshwa zilitungwa huko, na kwa sababu kumbukumbu zake ni za aina nyingi, tena zinabishana.

Pate ndani ya Inkishafi

Hebu tuanze na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambayo wataalamu wengi huiweka kati ya 1810 na 1820. Mtunzi anauonya moyo wake. Anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate, yenye taa na vyombo vya kaure kwenye zidaka. Halafu anauonyesha majumba yayo hayo yakiwa magofu, makao ya popo na wadudu. Wenzetu wengi wakifika hapo huandika mara moja kuwa utenzi unaakisi kuanguka kwa Pate.

Je, unaakisi? Kuhusu vitu, mtunzi ni shahidi mwema. Ukiingia katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu utaziona zidaka zenyewe, safu juu ya safu, zimetengenezwa kwa chokaa. Na vigae vya kaure ya China vimefukuliwa katika magofu ya visiwa hivyo. Hapo hakuna chumvi.

Lakini kuhusu wakati, mambo ni mengine. Mwanzoni mwa karne ya 19 Pate haikuwa imekufa. Ilikuwa imeumia, ndiyo: karibu na 1812 jeshi lake, pamoja na Wamazrui wa Mombasa, lilishindwa vibaya na watu wa Lamu huko Shela, na Lamu ikatafuta ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Ngome ya Lamu, iliyokamilika karibu na 1821, ni ushahidi wa mawe wa mapatano hayo. Hata hivyo wafalme wa ukoo wa Nabahani waliendelea kukaa Pate kwa miongo kadhaa, na mji wenyewe una wakazi hadi leo.

Sasa, kama utenzi ni kioo tu, mbona hao walio hai hawaonekani? Jibu langu ni kwamba mtunzi hakuwa akiandika habari za mji. Alikuwa akitoa mawaidha. Alilihitaji gofu kwa sababu gofu ndilo hoja yake. Ndiyo maana sababu ya maangamizi anayoisisitiza ni ghururi ya dunia, wala si vita vya Shela. Huo ni uamuzi wa kisanaa, na asiyezijua tarehe hawezi kuuona. Atadhani ni picha tu.

Makavazi nayo yana msemaji

Asije mtu akafikiri nasema utenzi ni uongo na hati ni ukweli. Tazama Habari za Pate. Yasemekana kitabu cha asili kiliteketea 1890 Waingereza walipoushambulia Witu. Nakala tulizo nazo zinatokana kwa sehemu kubwa na masimulizi ya Muhammad bin Fumo Omar, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, na zilianza kuchapishwa na Stigand mwaka 1913, kisha Alice Werner. Bwana Kitini alikuwa Mnabahani. Yaani tunaisoma historia ya ufalme kutoka kinywani mwa ukoo ulioupoteza. Swali la nani anasimulia, ambalo tunaliuliza kila siku tukisoma riwaya, linafaa hapa pia.

Habari hizo zinasema Mnabahani wa kwanza aliwasili kutoka Oman mwaka 600 wa Hijria, sawa na 1203 au 1204. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Neville Chittick alizipinga vikali, akisema Pate ilipata umuhimu baadaye sana. Kisha uchimbaji wa Thomas Wilson na Athman Lali Omar, uliochapishwa 1997, ukaonyesha kuwa watu waliishi Pate karne kadhaa kabla ya tarehe hiyo. Je, Bwana Kitini kashinda? Nusu tu. Ardhi imethibitisha umri wa mji, haijathibitisha tarehe ya wafalme. Kigae cha chungu hakitaji jina la mtawala.

Mwana Kupona na jina alilopewa

Mfano wa tatu unatugusa zaidi, maana ndio unaotugombanisha darasani. Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, huhukumiwa haraka: eti ni sauti ya mwanamke anayemfunza bintiye utumwa wa ndoa. Lakini tukumbuke kuwa toleo la Werner na Hichens la 1934 lilipewa kwa Kiingereza jina lenye maana ya mawaidha juu ya wajibu wa mke. Jina hilo ni la wahariri, nasi tumekuwa tukisoma kupitia dirisha lao.

Historia ya Siyu inatufungulia dirisha jingine. Mume wa Mwana Kupona, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu aliyepambana kwa miaka mingi na utawala wa Seyyid Said. Alifariki 1856. Basi anayesema ndani ya utendi ni mjane wa mtawala, yu mgonjwa, na mji wake bado unavutana na Zanzibar. Anamwachia binti maarifa ya kuishi na mume, naam, lakini pia na wenye vyeo, wageni na watumwa. Sidai kwamba hili linafuta suala la jinsia. Nadai kwamba linaongeza suala la tabaka, ambalo insha zetu hulisahau.

Tuanzie wapi?

Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi yana taarifa za kila mwaka za wakuu wa wilaya wa kikoloni. Zisomwe kwa tahadhari ileile tuliyoitumia kwa Bwana Kitini. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada iliyokusanywa na J.W.T. Allen, na orodha yake ilichapishwa 1970. Miswada mingine mingi iko SOAS, London. Hati za Msikiti wa Riyadha mjini Lamu zimepigwa picha kwa mradi wa British Library. Na Lamu kwenyewe kuna makumbusho, ngome, na wazee wanaohifadhi karatasi majumbani.

Hao wa mwisho ndio wa haraka. Karatasi katika hewa ya bahari haina maisha marefu, na mchwa hasubiri tumalize mtihani. Kwa hiyo nawaomba walimu wetu jambo moja: insha ya utenzi isikubaliwe mpaka mwanafunzi ataje walau chanzo kimoja kilicho nje ya kitabu, aseme ni cha nani, na kilikuwa na haja gani ya kusema kilichosema. Tukifanya hivyo, kauli yetu ya kioo itabaki, ila tutakuwa tunajua ni mkono wa nani umekishika.