Butembo na Beni: Kinanda cha kanisa chaweza kushika nafasi ya orkestra nyuma ya fidla

Katika miji ya Butembo na Beni, neno orkestra huwakumbusha wengi gitaa, ngoma na rumba. Orkestra ya simfoni, yenye makumi ya wapigaji wa fidla, filimbi na tarumbeta, wakaaji wengi huisikia kwenye simu au redio tu. Lakini kwa kijana anayetaka kujua fidla, ambayo wengi hapa huiita violoni, rekodi hizo zaweza kuwa mwalimu.

Mfano uko hapa hapa nchini. Huko Kinshasa, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu na aliyekuwa rubani wa ndege, alianzisha orkestra ya simfoni ya Wakimbangu mwaka 1994. Fidla zilikuwa chache kuliko wapigaji, wakapokezana. Uzi ulipokatika, waya wa breki ya baiskeli ulitumika. Mwaka 2010, filamu « Kinshasa Symphony » iliwajulisha duniani.

Hapa Kivu ya Kaskazini kuna ugumu mwingine. Toka Butembo hadi Beni ni kilomita 54 hivi, lakini tangu mauaji ya raia yaanze katika eneo la Beni mwezi Oktoba 2014, watu husafiri kwa hofu. Tarehe 6 Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kukusanya watu makumi kwa mazoezi ya jioni si kazi nyepesi. Rekodi, yenyewe, hupita toka simu moja hadi nyingine.

Aanze na ipi? Muziki huu una aina mbili kubwa. Katika konserto, fidla moja huzungumza na orkestra nzima. Katika ile ya Beethoven ya mwaka 1806, orkestra hupiga kwa dakika tatu hivi kabla fidla haijaingia. Katika ile ya Mendelssohn, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1845, fidla huingia karibu mara moja. Katika sonata, fidla na piano hujibizana, na hakuna aliye mtumishi wa mwenzake.

Tena, konserto nyingi huchapishwa pia na sehemu ya orkestra iliyopangwa upya kwa piano. Ndivyo wanafunzi wa nchi nyingi hujitayarisha. Maana yake, kinanda kinachosindikiza kwaya siku ya Yenga chaweza kushika nafasi ya orkestra. Wapigaji wawili wanatosha: kwanza wasikilize rekodi yenye orkestra, wajue chombo gani kinajibu fidla wapi, kisha wajaribu wenyewe, kipande kwa kipande.

Anayedhani muziki huu haumhusu Mwafrika atafute sonata ya Beethoven iitwayo « Kreutzer ». Beethoven aliitunga kwa ajili ya George Bridgetower, mpiga fidla mwenye asili ya Kiafrika. Wawili hao waliipiga pamoja mjini Vienna tarehe 24 Mei 1803. Baadaye waligombana, na Beethoven akaitoa kwa heshima ya Mfaransa Rodolphe Kreutzer, ambaye hakuwahi kuipiga mbele ya watu. Jina la Kreutzer ndilo lililobaki, lakini mikono iliyoipiga kwanza ilikuwa ya Bridgetower.