Mtoto Anayekoroma na Kukatika Pumzi

Wazazi wengi hudhani mtoto anayekoroma amelala fofofo. Sivyo kila mara. Akikoroma, pumzi ikatike, kisha ashtuke akitafuta hewa, mpelekeni hospitali. Msimkate kimeo! Anaweza kufa kwa kutokwa damu. Mara nyingi shida ni mafindo yaliyovimba kooni. Yakitolewa, wengi hupona. Lakini wako wanaozaliwa na taya dogo mno la chini (si uchawi, wala si kosa la mama). Ulimi huanguka nyuma ukaziba njia ya hewa. Hali ikiwa mbaya, daktari hukata mfupa wa taya pande zote mbili na kufunga chombo chenye skrubu. Kila siku skrubu huzungushwa, taya likasogea mbele kama milimita 1, na mfupa mpya huota mwanyani. Baadaye chombo huachwa wiki kadhaa mpaka mfupa ukomae, ndipo kitolewe.