Zumu ya mara 100: msiingizwe mjini kama mimi

Leo nina somo dogo, ila limeniuma mwenyewe kwanza.

Juzi kati kepteni wa timu ya mtaani kwetu alinipa kazi: nimpige picha mshambuliaji wao, dogo anataka kuzituma kwa watu wa akademi. Nikajiamini, maana simu yangu (jina kapuni) boksi lake limeandikwa zumu mara 100. Nikakaa nyuma ya goli, nikavuta weee! Jioni nikaja kafe kuzifungua kwenye kompyuta, uji mtupu. Dogo hana sura, namba ya jezi haisomeki. Hela sikupata, na siku ya mwisho ya kutuma ikampita. Nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Zumu zipo mbili. Ya kwanza ni ya programu: simu inakata kipande cha katikati ya picha na kukitanua. Piga hesabu. Kamera ya megapikseli 12 ukivuta mara 10, unabaki na sehemu moja ya kumi kwa upana na moja ya kumi kwa urefu, yaani sehemu 1 kati ya 100. Zinabaki pikseli laki moja na ishirini elfu tu! Ni sawa na kuchukua picha ya pasipoti ukaifanya bango la barabarani.

Ya pili ni ya lenzi yenyewe. Hiyo inavuta kweli, ila inataka nafasi ndefu kati ya lenzi na sensa (siyo ile ya kuhesabu watu, ni kile kidude kinachopokea mwanga). Ndiyo maana wapiga picha wa uwanjani wana malenzi kama mabomba. Sasa simu ina unene wa milimita 8 hivi, bomba utaliweka wapi?

Jibu ni kulilaza. Nyambizi ikiwa chini ya maji, mabaharia wanachungulia juu kwa periskopu, bomba lenye vioo vinavyopindisha mwanga. Kwenye simu nako mwanga unaingia kwa kidirisha cha mgongoni, unagonga mche wa kioo, unakata kona ya nyuzi 90, halafu unapita kwenye lenzi zilizopangwa kwa ubavu ndani ya simu mpaka kwenye sensa iliyosimama wima. Huawei P30 Pro ya 2019 ilivuta hivyo mara 5, Samsung Galaxy S21 Ultra ya 2021 mara 10. iPhone 15 Pro Max ya 2023 ilifanya tofauti kidogo: lenzi zipo mbele, mwanga ukishapita unadundishwa mara nne ndani ya kioo. Nayo ni mara 5.

Umeona? Hakuna hata moja hapo ya mara 100. Hata Galaxy S20 Ultra ya 2020 iliyotangazwa kwa mara 100, lenzi yake ilivuta mara 4, zilizobaki ni programu.

Sasa kabla hujatoa hela, fanya hivi. Mchana kweupe, lenga kitu cha mbali, vuta mpaka kiwango kinachotajwa cha lenzi ya zumu, kisha ziba lenzi moja moja kwa kidole. Ukiziba ile wanayosema ya zumu na picha ikawa giza, basi inafanya kazi. Picha ikiendelea kuonekana kama kawaida, huenda hilo ni pambo tu, unauziwa changa la macho. Usijaribie gizani au kwa kitu cha karibu, maana hata simu za ukweli hapo huwa zinarudi kwenye kamera kubwa.

Mimi ya kwangu nimeiziba. Haikustuka hata kidogo.

Dogo nimemwahidi mechi ijayo nitapiga bure, nikiwa nimesimama pembeni kabisa ya mstari. Na wewe ziba ya kwako, halafu utuambie hapo chini. Tupo pamoja!