KISHIKWAMBI NA KOMPYUTA: KILA KIMOJA NA KAZI YAKE



Je, ofisi ya kijiji inaweza kufanya kazi zote kwa simu na kishikwambi, bila kompyuta? Swali hili ni la maana kwetu sisi wa Kilosa na Mikumi. Fedha ya kununulia vifaa ni ya wanakijiji wote.

Kishikwambi ni kama simu kubwa. Unakigusa kwa kidole. Kompyuta mpakato hufunguka kama kitabu, nayo ina vitufe vya kuandikia. Vyote viwili hutunza maandishi, hesabu na picha.

KAZI ZA NJE

Katika sensa ya Agosti 2022 karani alikuja nyumbani na kishikwambi. Tulihesabiwa watu 61,741,120 nchi nzima. Baadaye Serikali iliwagawia walimu vishikwambi hivyo.

Mfano mwingine ni ardhi. Fuata barabara kuu toka Mikumi mpaka Wilaya ya Iringa. Huko, katika kijiji cha Ilalasimba, vijana wa kijiji walifundishwa kupima mashamba kwa simu. Walikwenda shambani na mwenye shamba, majirani wakashuhudia mpaka. Simu hupokea alama za setilaiti kadhaa zilizoko angani, ikajua mpaka ulipo.

Haya, hati zilitoka ndani ya simu? Hapana. Taarifa zilikwenda ofisi ya ardhi ya wilaya. Huko zilikaguliwa kwenye kompyuta, na hati za hakimiliki ya kimila zikachapwa. Zikabaki saini na muhuri.

KAZI ZA MEZANI

Kwa nini kompyuta ilihitajika? Kioo cha simu ni kidogo. Hesabu ya mapato na matumizi ina safu nyingi. Kwenye kompyuta unaziona pamoja, na kosa unaliona upesi. Kwenye simu unaona kipande kipande.

Tena, kuandika muhtasari wa mkutano kurasa tano kwa kidole kunachosha. Mwandishi akichoka hufupisha. Na neno alilolikata huenda ndilo litakaloleta ugomvi kesho.

Kweli, kishikwambi kikiungwa vitufe vya kuandikia kinaandika barua vizuri. Kwa kijiji chenye barua chache, hicho kinaweza kutosha. Lakini penye hesabu ndefu na orodha kubwa, kompyuta bado inahitajika.

HATARI IKO WAPI?

Hatari kubwa ni kuweka mambo ya kijiji ndani ya simu ya mtu mmoja. Simu huanguka mtoni. Simu huibwa. Kiongozi huhamishwa, akaondoka na neno la siri la kuifungulia. Hapo orodha ya mashamba imepotea. Sisi wa Kilosa tunajua ugomvi wa mipaka kati ya wakulima na wafugaji umetugharimu nini.

Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Kifaa kiwe mali ya kijiji, kiandikwe kwenye daftari la mali.
2. Neno la siri lisijulikane na mtu mmoja tu.
3. Taarifa ziwekwe mahali pawili.
4. Hesabu na mihtasari ichapwe, itiwe saini, itunzwe kwenye jalada.

Karatasi haiishiwi chaji.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, kazi za nje na za mezani zipi ni nyingi zaidi?
2. Simu ya mtendaji ikipotea leo, kijiji kitapoteza nini?