Dhahabu Nyekundu: Leza Inavyopachika Chembe za Metali Ndani ya Utando

Utando mwembamba ni tabaka lililotandazwa juu ya kitu kingine, kwa kawaida kioo, kwa unene wa nanomita chache hadi elfu chache. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ndani ya tabaka hilo zinaweza kupachikwa chembe za metali zenye upana wa nanomita 2 hadi 10, nazo hubadili tabia ya utando mzima, hasa rangi yake.

Wekundu wa chungu cha Wakisi, kinachofinyangwa Ikombe na kuuzwa gulioni Lyulilo jirani na Matema, hutokana na madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo. Chembe za metali hutoa rangi kwa njia nyingine. Dhahabu ya Chunya, katika mkoa huohuo wa Mbeya, ni ya njano ikiwa kipande cha kushikika. Ikisambazwa kwenye kioo kwa chembe za nanomita 10, kioo huwa chekundu. Mwanga ukizipiga chembe hizo, elektroni zake huyumba kwa pamoja na kumeza mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi. Wekundu ndio unaopita. Chembe za fedha humeza urujuani, karibu na nanomita 400, na kioo chake huonekana cha njano.

Kutengeneza tando hizi kwa mapigo ya leza kulianza kujaribiwa mwaka 1965, miaka mitano baada ya Theodore Maiman kuwasha leza ya kwanza huko Marekani. Kazi hufanyika ndani ya chemba iliyonyonywa hewa hadi kubaki takriban sehemu moja ya bilioni ya kanieneo ya kawaida. Upande mmoja huwekwa shabaha mbili zinazozunguka, yaani vipande vya kupigwa na leza, moja ya dhahabu na nyingine ya oksidi ya alumini. Upande wa pili, sentimita chache mbele yake, huwekwa kioo.

Leza ya urujuanimno hupiga shabaha kwa mapigo ya nanosekunde 20 hivi, mara nyingi mapigo 10 kwa sekunde. Kila pigo huyeyusha na kuvukiza ngozi ya juu tu ya shabaha, na mvuke wake huruka kama mwali wa plazma hadi kwenye kioo. Atomi za dhahabu hazipendi kushikamana na oksidi. Hujikusanya vidonge vidogo, kama maji juu ya jani la mgomba. Kabla vidonge havijaungana, shabaha hubadilishwa na oksidi huvifunika. Hatua hizo hurudiwa tabaka kwa tabaka. Ukubwa wa chembe huamuliwa na idadi ya mapigo: yakizidi, chembe hugusana, na utando huanza kupitisha umeme kama metali ya kawaida.

Njia hii ina kasoro mbili. Matone ya shabaha iliyoyeyuka hurukia utando na kuuharibu, na mwali wake ni mwembamba, hivyo eneo linalopata unene sawa ni la sentimita chache tu. Kwa hiyo hufaa zaidi vitu vidogo vinavyodai usahihi, kama vihisi vya gesi na vifaa vya kutambua kemikali kwa mwanga.

Kwa maeneo makubwa, atomi hung'olewa kwenye shabaha kwa ayoni za gesi ya argoni. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imetumia njia hiyo kutafiti tando za oksidi ya vanadi kwa madirisha: zikipata joto la nyuzi 68 hivi za Selsiasi, huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya joto la jua. Kwa nchi yenye jua kama Tanzania, utafiti wa tando unaanzia mahali panapofaa.