Konyeza wa Tanganyika si Ushahidi wa Bahari

Mwaka 1883 Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi Unyamwezi, kusini mwa Tabora, alifika Ziwa Tanganyika na kumkuta majini kiumbe ambaye watu wa Bagamoyo humjua kwa kuwashwa naye: konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu. Huyu wa ziwani ana upana wa sentimita 2 hivi, mwili wake unapenyeza mwanga kama kioo, wala hana madhara. Sumu yake huua vidudu vidogo anavyokula, lakini vijisindano vyake havina nguvu ya kumdhuru mtu.

Konyeza kwenye maji baridi, takriban kilomita 1,000 kutoka pwani, aliwatia wataalamu wa Ulaya kiwewe. Mwingereza J. E. S. Moore alikwenda kulichunguza ziwa mwaka 1896, akarudi tena 1899, na katika kitabu chake cha 1903, *The Tanganyika Problem*, akashikilia kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale. Hakuwa akibahatisha, maana hata konokono wa Tanganyika wana magamba mazito yanayofanana na ya baharini. Lakini konyeza hao hao walionekana pia Ziwa Victoria na mto Niger mwanzoni mwa karne ya 20, na hakuna aliyedai kuwa Niger ni kipande cha bahari. Isitoshe, Tanganyika lilizaliwa ardhi ilipopasuka kwenye Bonde la Ufa, miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Bahari aliyoitaja Moore ni ya zama zilizopita zaidi ya miaka milioni 140.

Atakayeuliza mbona basi anafanana na wa baharini, ajibiwe kwamba kufanana kunathibitisha ukoo tu. Wahenga wake walitoka baharini, ndiyo, ila kiumbe anaweza kuhama na kuzoea maji mengine bila bahari kumfuata. Na wale konokono? Ziwani wamo kaa wenye koleo kali za kuvunja magamba, kwa hiyo gamba nene ni ngao dhidi ya adui wa hapo hapo.

Basi wewe unayepanda treni Tabora kwenda Kigoma, ukiwakuta konyeza wakielea, usiwakimbie. Wa kuogopwa katika ziwa lile ni mamba.