Siri ya Madume Bwawani

Mkulima wa Ruiru au Thika akitia bwawani vifaranga vya tilapia vya mchanganyiko, yaani madume na majike, ajue hasara i karibu. Tilapia huzaa mapema mno. Jike hubeba mayai kinywani, na siku hizo hali, basi hakui. Miezi michache tu bwawa limejaa visamaki vya ukubwa wa kidole, vinang'ang'ania chakula kimoja, na karo ya shule haitoki hapo!

Kwa hivyo mkulima hutaka madume tupu. Hupatikanaje?

Hebu tuanze na dume lenyewe. Ubongo wake hutuma ujumbe kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake. Tezi nayo hutoa homoni zinazosafiri kwa damu hadi korodani. Hapo hutengenezwa mbegu za kiume na testosteroni, pamoja na ndugu yake iitwayo 11-ketotestosteroni, ambayo kwa samaki ndiyo yenye nguvu hasa. Hiyo humpa dume rangi kali, ukali na hamu ya kuchimba kiota.

Kuna kisamaki cha Ziwa Tanganyika, Astatotilapia burtoni, kinachoshangaza zaidi. Dume mnyonge huwa amefifia rangi. Mkubwa wake akiondolewa, dakika chache tu mnyonge ameng'aa! Baada ya siku kadhaa, seli za ubongo zinazotuma ule ujumbe huwa zimenenepa. Akishindwa tena, zinasinyaa. Kumbe hata cheo huongoza homoni.

Sasa, wataalamu hutumia nafasi moja. Kifaranga mchanga bado hajakamilisha jinsia. Akilishwa methiltestosteroni, kama miligramu 60 kwa kilo ya chakula, kwa siku 21 hadi 28, hata mwenye jeni za kike huota korodani.

Wasichana wa darasa letu wameniuliza, ati tukila samaki hao tutaota ndevu? La. Dawa husimama kifaranga akiwa wa mwezi mmoja, naye hufugwa miezi sita au zaidi kabla ya kufika sufuriani, homoni ikiwa imeshatoka mwilini. Mimi nawahofia zaidi wanaochanganya chakula hicho bila glavu, na maji ya vitotoleshi yanayomwagwa mtoni moja kwa moja.

Asiyetaka dawa anaweza kuchagua kwa mkono. Mgeuze samaki tumbo juu: dume ana matundu mawili, jike matatu. Kazi inachosha macho, na jike mmoja akiponyoka, hesabu imeharibika.